Fundi Kaburi na Kitufe cha Kubali

Fundi yule mtaani walimwita Kaburi, na jina lenyewe alilipenda. Alishona magauni ya wanawake katika chumba kimoja cha mbele, cherehani dirishani, pazia la kupimia nyuma. Vipimo vya wateja hakuviandika popote. Alivitia kichwani, na humo ndimo vilimozikwa. Mume mmoja aliwahi kuja kuuliza kiuno cha mkewe, eti anataka kumnunulia zawadi. "Kampime mwenyewe," fundi alimjibu, "au amekukataza?" Wateja walicheka mpaka bwana wa watu akaondoka bila kuaga.

Siri kubwa kuliko zote ilikuwa ya mdogo wake. Huyo alimkimbia mume aliyempiga hadi akamvunja mkono, akahamia mji wa mbali, akabadili jina. Mtandaoni alifungua ukurasa mpya wenye rafiki mmoja tu: dada yake. Humo aliweka picha zake na mji anaokaa, avione huyo mmoja basi. Hata mama yao hakujua. Kila alipouliza, "Mdogo wako yuko wapi?" fundi alijibu, "Sijui, Mama." Na mama, ambaye si mjinga hata kidogo, alicheka machozi yakimlengalenga. "Haya, Kaburi. Mradi yu mzima."

Yule mume wa mdogo wake naye alibaki miongoni mwa marafiki wa fundi mtandaoni. Fundi alimwacha makusudi, kwamba akimfuta atashtuka, ataanza kunusanusa. Akili gani hiyo, jamani! Si angemfuta tu!

Basi siku moja akaja binti mmoja kujaribu gauni lake la harusi, simu mkononi, anacheka peke yake. Kuna mchezo, akasema, unaitwa Nani Anakupenda. Unapekua ukurasa wako, kisha unakutajia anayekupenda kuliko wote. "Mimi umenitolea mama mkwe!" Fundi alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Akachukua simu yake. Mchezo ukaomba ruhusa: uwaone marafiki zake, usome ujumbe wake, uandike kwa niaba yake. Maelezo marefu, herufi kama mayai ya chawa. Kubali. Kubali. Kubali. Mwanamke aliyemnyima mume kiuno cha mkewe akamfungulia mgeni asiyemjua milango yote, ya kwake na ya mdogo wake, huku jicho moja liko kwenye pindo la gauni.

Jibu lilipotoka, lilikuwa sahihi. Hapo ndipo panaponiuma mimi ninayesimulia. Mchezo ulikuwa umesoma salamu zote za asubuhi, na "umekula?", na "mkono bado unauma?", ukasema: anayekupenda kuliko wote ni huyu. Picha ya mdogo wake, jina jipya, na mji. Fundi akatabasamu, akaweka simu chini, akarudi kwenye pindo. Alidhani kaliona peke yake. Kumbe mchezo ulishalibandika ukurasani kwake, marafiki wote walione.

Jioni, akifunga dirisha, alikuta maneno chini ya ile picha. Yalitoka kwa yule mume.

"Asante, shemeji."

Alimpigia mdogo wake, haikupokelewa. Akapiga tena, na tena. Alifuta picha, akafuta mchezo, akamfuta na huyo mume, lakini maji yalikwisha kumwagika. Majuto ni mjukuu, husema watu. Haya yake yalizaliwa siku ileile.

Kesho yake namba ngeni ikaita.

"Dada, ni mimi. Alikuja, akaulizia jina langu jipya mpaka akafika mlangoni. Nilitorokea dirisha la jikoni. Sijaumia."

"Ee Mungu wangu! Uko wapi? Nakuja sasa hivi."

Upande wa pili honi ya basi ikalia.

"Mdogo wangu, nisamehe. Ulikuwa mchezo tu. Nilitaka kujua nani..."

"Niliuona, Dada." Sauti ilikuwa ya upole, na afadhali angemtukana. "Haukukosea. Hakuna ninayempenda kama wewe. Lakini safari hii sikwambii niko wapi."

Simu ikakatika. Alipoirudia ile namba, alipokea mwenye duka asiyemjua, akasema yule dada ameshapanda basi.

Wiki iliyofuata mama alikuja, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akauliza kama kawaida yake.

"Mdogo wako yuko wapi?"

"Sijui, Mama."

Mama akacheka, akampiga kofi dogo begani. "Haya, Kaburi. Mradi yu mzima."

Fundi akainamia cherehani, akakanyaga, akakanyaga, na sindano haikuwa na uzi.