Hita ya Verna

"Serikali hii inaweza kuhesabu mbu walioko mwezini, lakini moto ukiwaka mapajani mwa mtu haiuoni!" Lester Kubiak alikuwa ameshapandwa na jazba, na bia yake ilikuwa ya kwanza tu. "Wote wanakula mishahara, kuanzia mkubwa wao mpaka paka wa ofisini, na hakuna hata mmoja aliyeniambia, Lester, usiwashe!"

Baa nzima ikacheka. Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa watu wa Wisconsin huwapati nyumbani. Wako baa wanakula samaki wa kukaanga, viazi na kabichi, bibi na mjukuu, mchungaji na mlevi wake. Orrin Tesch peke yake hakucheka. Katika mji ule mdogo, serikali ilikuwa yeye. Alikuwa mkaguzi wa usalama wa vitu vya dukani, na alikuwa amekaa meza moja na Lester, na Verna, dada yake Orrin, katikati yao.

"Usijifiche nyuma ya kabichi, nakusema wewe," Lester akamwambia, akimnyooshea mkono uliofungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. "Leo ndiyo televisheni inatangaza eti zile hita za umeme za kupashia chumba joto zinayeyuka waya, eti kampuni imekubali kuzirudisha kiwandani. Imekubali! Mwizi naye huwa mnamsubiri akubali?"

"Sisi wakaguzi tuko wachache, Lester," Orrin akajaribu mzaha. "Tumezidiwa hata na wapiga kodiani."

"Wapiga kodiani wamepungua mmoja."

Hapo hakuna aliyecheka. Lester ndiye aliyekuwa akipiga kodiani na kuwachezesha watu polka kwenye harusi zote za upande ule, na daktari alikuwa ameshamwambia vidole viwili havitarudi kama zamani.

Orrin akarudi kwa samaki wake, akamchambua kana kwamba ana miba, na hakuwa nayo. Kazi yake aliifahamu vizuri kuliko alivyotaka. Nyumba ikiungua, alikwenda kuchakura majivu, akaokota kilichobaki cha plagi, akakipeleka maabara. Baada ya hapo, kimya. Sheria haikuwaruhusu kutangaza jina la kampuni mpaka kampuni yenyewe ipewe nafasi ya kusoma, kubisha, na kuleta mawakili wake. Ni sawa na mtu aliyeona nyoka majanini, halafu inambidi kwanza amwombe nyoka ruhusa ya kupiga kelele. Orrin alikuwa akiomba ruhusa hiyo miaka mingi, na alikuwa mtu wa kutii. Pensheni nayo ilikuwa imeshaanza kumpungia mkono kwa mbali.

Sasa Krismasi iliyopita alikwenda kwa Verna kula nyama ya nguruwe, akaiona hita ya aina ile ile aliyokuwa akiiokota majivuni imekaa chini ya pazia, inanguruma. Kesho yake akaenda dukani, akanunua nyingine ya bluu, akaifunga utepe mwekundu, akampelekea.

"Hiyo ya zamani itupe, dada. Imechakaa."

"Imechakaa wapi? Nimeinunua juzi juzi tu!"

"We itupe tu."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu wa kule hakupaswa kulifanya. Kwao kutupa kitu kinachofanya kazi ni karibu sawa na kutukana kanisani. Mifuko ya plastiki wanaifua na kuianika kambani. Verna aliifuta ile hita ikang'aa, akaipeleka kwenye mauzo ya mitumba ya kanisa, na Lester akaichukua kwa furaha. Karakana yake ilikuwa baridi, na huko ndiko alikofukuziwa yeye pamoja na kodiani yake, maana mkewe alishasema polka ndani ya nyumba hataki.

Moto ulipotokea kwenye karakana hiyo, aliyetumwa kuokota mabaki alikuwa Orrin. Chini ya hita, mahali ambapo plastiki haikuyeyuka, alikuta kipande cha plasta chenye jina la dada yake, kama wanavyobandika wanawake wa kanisa kwenye kila sahani wanayoiazimisha. Aliitia hita kwenye mfuko pamoja na plasta yake, akaufunga, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa akimlipia Lester bia, na Lester alidhani ni upendo.

"Lakini ile hita si ilikuwa yangu," Verna akasema taratibu. Uma wake ulikuwa umesimama hewani. "Orrin mdogo wangu. Ile ya bluu uliniletea kwa nini?"

"Ilikuwa Krismasi, dada."

"Krismasi zote unaniletea soksi."

Mtu wa meza ya jirani akacheka, kisha akaona sura zao, akageukia sahani yake.

"Ulijua," Verna akasema. "Ungeniambia neno moja, ningeivunja kwa shoka. Ningeizika nyuma ya nyumba!"

"Sheria inakataza kutangaza, dada. Ningefukuzwa kazi."

"Kutangaza! Mimi ni redio?"

Lester alikuwa ameacha kupiga kelele. Aliweka glasi chini kwa mikono miwili, kama mtoto anavyoweka uji, na alipozungumza hakuongeza chumvi hata kidogo.

"Dada yako ulimletea nyingine, sikulaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Nakuuliza swali moja tu, bwana, kama mtu ninayecheza naye karata. Ungeiona kwangu, ungeniletea na mimi?"

Jibu la ofisini Orrin alikuwa nalo, alilisema kila siku kwenye simu na watu asiowajua.

Safari hii akavuta koti lake lililokuwa kwenye kiti. Verna akamwita kwa jina, mara moja tu. Akapita katikati ya meza, akisema samahani kwa kila bega aliloligusa, akausukuma mlango, akatoka.