Kusoma kimya kimya: nilivyoingia chumba cha mtihani nikijua kabisa nitatoka chizi

Wakuu, mpaka naota ndevu nilikuwa naamini kwamba mtu akisoma kitabu kimya kimya, bila kutoa sauti, anakuwa chizi.

Sio kuamini kwa utani. Niliamini kama ninavyoamini kwamba moto unaunguza.

Maelezo yake ya kitaalamu yalikuwa hivi: maneno yakiingia kwa macho lazima yatokee mdomoni. Ukifunga mdomo yanabaki kichwani, yanasukumana huko yakitafuta mlango, mpaka siku moja fyuzi inaungua. Niliambiwa kuna jamaa kijiji cha jirani alimaliza kitabu kizima amefunga mdomo, na tangu siku hiyo anajibu maswali ambayo hakuna mtu amemuuliza.

Poleni na mihangaiko ya siku nzima. Ninachokileta hapa sio chai, ni maisha yangu, na mashahidi bado wanadunda. Nikiongeza chumvi itakuwa kwenye habari za sauti yangu tu, na sauti yenyewe ilikuwa kubwa kweli.

Picha linaanza Marangu.

Kwetu ni kule juu, migomba na mibuni mpaka mlangoni. Mzee alikuwa mpagazi wa mlima, anabeba mizigo ya wageni, kwa hiyo muda mwingi nyumbani tulikuwa mimi na Mama. Mama ndiye aliyenipa hiyo habari ya uchizi, nikiwa darasa la pili hivi.

Sheria ya nyumbani ilikuwa moja. Ukirudi shule unakula, unakaa kwenye kigoda jikoni, unasoma kwa sauti. Chochote kile. Kitabu cha Kiswahili, Biblia, mfuko wa mbolea, gazeti lililofungiwa nyama.

Na nilisoma, wakuu. Nilisoma kwa sauti ambayo nadhani Himo kule chini walikuwa wanaipata bila antena. Ndege walihama mibuni yetu wakaenda kwa jirani.

Nikawa nampa kila mnyama sauti yake. Fisi anakoroma, sungura anaongea kama karani. Jirani yetu Mama Ndeshi alikuwa akinikuta njiani ananisimamisha.

"Wewe, yule fisi jana aliishia wapi? Umeniachia pabaya."

Mtoto wa darasa la pili nina wasikilizaji. Nyie mnajua raha yake?

Ndiyo maana nasema mapenzi yangu na vitabu yalianzia kooni, sio machoni. Hata kipaimara kanisani tulikuwa tunakariri kwa sauti, na pale nilikuwa staa. Mchungaji alikuwa ananiomba nipunguze.

Shida ikaanza sekondari.

Mwalimu wa English akaja na kitu kinaitwa silent reading. Darasa zima linainamisha vichwa, kimya kama msibani. Mimi nachemka peke yangu kule nyuma kama sufuria ya mtori.

Wakaniita Redio. "Redio, leo betri hazijaisha tu?" Kucheka nacheka nao, ila kufunga mdomo siwezi. Nikijaribu, kichwa kinauma kweli, jasho linatoka. Nawaza yule jamaa wa kijiji cha jirani.

Kwenye mtihani ikawa balaa. Msimamizi anadhani nawatumia wenzangu majibu. Natolewa nje, nakalishwa chini ya mti, muda unakwisha. Form Two nikafeli. Nikarudia, nikafeli tena kwa kishindo. Nikabeba begi langu nikashuka Moshi mjini.

Naomba nieleweke hapa. Kusoma nilikuwa najua. Nilikuwa nimemaliza vitabu vyote vya kabati la shule, kule shambani, napigia kelele migomba. Tatizo lilikuwa kusoma mbele ya watu wanaotaka kimya.

Mtaa wa Majengo nikapata kazi ya kuchomelea mageti kwa fundi Shabani. Mtu wa maneno, ila roho safi. Tukipumzika nachukua gazeti nawasomea.

"Mangi, anza na michezo," ananiambia, maana kwake kila Mchaga ni Mangi. "Siasa tutakula nayo."

Wateja wakawa wanakuja kusikiliza hata kama hawana geti. Siku moja Shabani akaweka miwani ya kuchomelea kichwani akaniangalia.

"Sasa mtu anayesoma hivi anafanya nini kwenye moshi wangu huu? Si uende shule ya jioni?"

Nikaenda. Sababu yangu ilikuwa moja. Mzee amepanda mlima maisha yake yote na mzigo kichwani, nyuma ya mtu anayeitwa guide. Mimi nilitaka niwe yule wa mbele. Na kozi ya uguide niliyokuwa naitaka, bila cheti cha Form Four hawakupokei.

Shule ya jioni, wakuu, ni sehemu tamu kuliko harusi. Mama ntilie, bodaboda, dada wa saluni, wote tumechoka na wote tunataka. Huko kelele zangu zilikuwa faida maana kuna wazee walikuwa hawaoni ubaoni vizuri.

Mpaka tulipofanya mock. Madam Upendo, mwalimu wetu, akaja kusimama kwenye dawati langu.

"Kaka, kwenye mtihani wenyewe ukitoa sauti hivi, unatoka. Hakuna cha kujitetea."

Nikamweleza sababu. Alicheka mpaka akakaa.

"Mimi nasoma kimya tangu mdogo. Nimekuwa chizi?"

Nikamwambia hapana, kwa heshima. Lakini Madam akisahihisha madaftari alikuwa anaongea peke yake. Kwangu huo ulikuwa ushahidi zaidi.

Nikafanya mazoezi. Nilifunga mdomo kwa leso, nikatafuna bigijii, nikaweka maji mdomoni nikasoma, nikayameza. Kila nikifika mstari wa pili naogopa, nafungulia sauti.

Siku ya mtihani wa Form Four ikafika. Nikapitia kwa Shabani kuaga.

"Fundi, nikirudi hapa naanza kujibu maswali ambayo hujaniuliza, nipeleke nyumbani Marangu."

"Mbona hiyo unafanya kila siku," akanijibu.

Njiani nikafanya uamuzi. Kuna uchizi na kuna kubeba mizigo mpaka uzeeni. Bora chizi mwenye cheti.

Nikakaa. Karatasi ikafunguliwa. Nikang'ata leso, nikakodolea macho swali la kwanza la History.

Kimya.

Halafu nikasikia sauti. Ndani. Mtu anasoma swali ndani ya kichwa changu, na wallah ilikuwa sauti ya Mama Ndeshi.

Nikasema basi, ndiyo imeanza. Nimekwisha.

Lakini yule mtu wa ndani alikuwa anasoma vizuri. Hakosei. Nikaenda swali la pili, nalo akalisoma. Nikafika kwenye ukoloni, akabadilisha sauti, akaweka ile ya fisi. Nilitaka kucheka, leso ikanisaidia.

Wakuu, sauti zangu zote zilikuwa humo ndani. Miaka yote ile zilikuwa zinasoma pamoja na mimi, na kwa kelele zangu sikuwahi kuzisikia. Na zina mbio kuliko mdomo. Nilimaliza paper nikabaki na muda wa kuangalia dari. Mimi, Redio.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Nilipiga kelele Majengo nzima ikajua. Sasa hivi niko kwenye kozi, na ramani za mlima nazisoma nimefunga mdomo kama bwana mkubwa.

Nilichojifunza ni hiki: ukimwambia mtoto kitu kuhusu kitabu, hakiishii utotoni. Uoga nilipewa jikoni na utamu nilipewa jikoni hapo hapo, na vyote viwili nimetembea navyo mpaka ukubwani. Usimtishe mtoto na kitabu. Ila mwache asome kwa kelele, atajaza kichwani sauti za kumtosha maisha.

Na wewe je, ulidanganywa nini kuhusu kusoma? Shusha hapo chini, nasoma zote, kimya kimya.

Ila msiondoke kwanza, kuna kipande kimebaki.

Baada ya matokeo nilipanda nyumbani. Nikamkuta Mama anamenya ndizi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Umekonda."

"Nimefaulu. Lakini mitihani yote nimesoma kimya. Kwa hiyo ukiniona nabadilika, usishtuke."

"Kubadilika nini?"

"Si ule uchizi."

"Uchizi gani?"

Alikuwa amesahau, wakuu. Ikabidi nimkumbushe yote, kigoda, jikoni, maneno kugongana kichwani. Akaweka kisu chini.

"Mwanangu, kusoma kimya hakujawahi kumdhuru mtu. Mimi nilikuwa kule bandani nakata majani ya ng'ombe. Ukinyamaza, ningejuaje kama unasoma au umekimbilia mtoni?"