Intavyuu yangu ya uinspekta, yadi ya makontena Changamwe: niliangushwa na "inshallah"

Wakuu, salaam aleikum. Na ambao si salamu yenu hiyo, hamjambo nyote.

Mimi ni mtu mzima wa Mtongwe, Likoni, shule niliachia darasa la tano. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mukiona herufi zimerukana munisamehe. Lakini chumvi sitatia. Mke wangu Mishi yuko hapa ubavuni anasoma kila mstari, nikizidisha neno atanishika shati.

Naandika nimesimama. Siku hizi kukaa siwezi. Mutajua kwa nini.

Kazi yangu ni makontena. Mwaka wa ishirini na mbili huu niko yadi moja pale Changamwe, twatengeneza makontena yaliyoumia: yaliyobonyea, yaliyoliwa na kutu, yaliyotoboka. Nilianza kwa kubeba mitungi ya gesi, nikaja nikawa fundi wa kuchomelea.

Sasa kontena likishatengenezwa lazima lipimwe mwanga. Hili nalieleza maana ndilo lenye kisa.

Mtu anaingia ndani, milango inafungwa, giza totoro. Kazi yake ni kutafuta tundu. Likiwepo, hata la kupita sindano, jua la nje litaonekana. Ukiliwacha, mvua itapita papo hapo, na mchele wa watu utafika ng'ambo umeota ukungu.

Wengi huingia wakazungusha macho, "Safi!", wakatoka. Siwalaumu, mle ndani joto lake ni la tanuri ya mkate. Mimi sivyo. Mimi nakaa. Nasoma Kulhuwallahu, ile sura fupi, mara kumi na moja, polepole, macho yazoee giza. Hapo ndipo naanza kutazama.

(Siku moja nilifungiwa na nyigu humo ndani. Nilisoma mara kumi na moja hizo kwa pumzi moja. Tuyawache hayo.)

Basi miaka yote hiyo matundu natafuta mimi, karatasi anatia sahihi mwingine. Inspekta. Yeye ndiye mwenye kofia nyeupe, na jina lake ndilo linalosafiri na kontena. Mimi feri naivuka kila siku, lakini jina langu halijawahi kuvuka geti la yadi.

Mwaka jana inspekta wetu akastaafu. Tangazo likabandikwa: nafasi iko wazi kwa wafanyakazi wa ndani, asiye na cheti lakini mwenye ujuzi wa miaka mingi aombe pia.

Wakuu, nilisimama mbele ya ile karatasi mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa. Nimebakisha miaka mitatu nistaafu. Ikinipita hii, basi tena.

Ile wiki ya kungoja intavyuu sikukaa kitako. Nikipewa chai naizunguka nayo nyumba nzima. Mishi akanambia, "Baba, kaa chini, wanitia kizunguzungu." Nikikaa, mguu wacheza wenyewe.

Siku ikafika. Shati limepigwa pasi likakaa kama karatasi. Nilifika Changamwe mapema mno, nikazunguka ukuta wa yadi mara tatu, mlinzi yule yule ananitazama tu.

Ndani kulikuwa na watu watatu. Madam Njeri wa HR, mama mmoja mpole, mgeni kwetu, katoka Nairobi hata mwaka hana. Mkubwa wa yadi. Na bwana mmoja wa hedi ofisi ambaye sikumsikia kusema neno, kazi yake kuandika.

Madam akaanza. "Mzee Hamisi, wewe unatoka Likoni, na feri tunaijua. Utaweza kufika saa moja kila siku?"

Nikasema, "Inshallah, Madam."

"Siku hizi ripoti zinaandikwa kwa tableti. Utaweza kujifunza?"

"Inshallah."

"Na ukiambiwa kontena ishirini zipimwe kwa siku, zitaisha?"

"Inshallah, zitaisha inshallah."

Mbili kwa mpigo! Nilizikaza herufi, nikamtazama usoni kama mtu anayekula kiapo. Sisi chuoni, yaani madrasa, ukisema kesho utafanya jambo bila kumtaja Mwenyezi Mungu, ulikuwa unaomba bakora ya ustadhi. Kwangu mimi hakuna jibu zito kuliko hilo.

Nilitoka nikitembea kwa vidole vya miguu. Nikanunua viazi karai nikagawia watu nisiowajua.

Juma lililofuata kofia nyeupe akapewa Kioko.

Kioko ni kijana wa Machakos, ana miaka sita tu pale yadini. Kupima mwanga nimemfunza mimi. Sura yeye hasomi, ni Mkristo, hivyo nilimwambia ahesabu mpaka mia tatu. Huishia themanini.

Sikumchukia, nasema kweli. Mwenyewe alinijia ameinamisha kichwa. "Mzee Hamisi, hata mimi nimeshangaa. Si uende umuulize Madam ni nini kilifanyika? Inaruhusiwa. Inaitwa fidbeki."

Siku nne nilipita mbele ya ule mlango wa HR. Naenda, narudi. Naenda, narudi. Nilijifanya natafuta spana. Siku ya tano Madam akatokeza kichwa: "Mzee, hiyo spana iko ndani ya ofisi yangu? Ingia."

Nikaingia, nikauliza.

Akafungua faili, akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, ujuzi unao, kila mtu anasema. Lakini tulikuuliza maswali tisa. Saba ulijibu inshallah. Tuliandika hauna uhakika."

"Madam, inshallah ndiyo uhakika wenyewe!"

"Kwetu mtu akikuambia inshallah, anakuambia usimngoje."

Wakuu, nilihisi kama nimepigwa na mlango wa kontena. Miaka ishirini na zaidi, halafu nakosa kwa neno nililofunzwa kwa bakora nisilisahau!

Nilivuka feri nasema peke yangu. Watu wakanipisha. Nilifika nyumbani nimewaka. Nikamwambia Mishi yote, nikamaliza, "Watu wa bara hawajui maana ya inshallah!"

Mishi alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Baba Saumu," akasema, "mlango wa choo chetu umelala ukutani tangu lini?"

"Mlango wa choo umeingiaje hapa?"

"Nijibu. Tangu lini?"

Nikasema tangu Ramadhani.

"Ramadhani ya mwaka huu?"

Nikainama kufungua kamba za viatu.

"Nikikwambia Baba Saumu, tutengenezee mlango, twaingia chooni na kanga mkononi kama watu wa safari, wewe husemaje?"

Kiatu cha pili nacho nikakishughulikia.

"Husema inshallah. Nami nishajua kuwa mlango haupo. Yule Madam wa bara hajakosea, mume wangu. Yeye amekujua kwa siku moja. Mimi ilinichukua miaka."

Halafu akaendelea kukuna nazi, kruu, kruu, kama hakusema kitu. Nami ni fundi, wakuu! Nachomelea chuma cha watu wafike nacho ng'ambo, na mke wangu anajisitiri kwa kanga.

Nilitoka nje nikatembea mpaka ufukweni, nikarudi, nikaenda tena. Nikawa najihesabia. Mlango: inshallah. Harusi ya binamu kule Ng'ombeni niliyoahidi kwenda: inshallah, sikwenda. Jirani aliyeniomba nimtazamie geti lake: inshallah, mpaka akaita fundi mwingine. Kazini neno hili kwangu ni kiapo. Nje ya kazi nimelifanya pazia la kujifichia. Uzuri wake nilimpa mkubwa wa yadi, ubovu wake nikawaletea watu wangu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nikautengeneza mlango. Bawaba mpya, komeo jipya. Mishi aliufungua na kuufunga mara sita, hakunisifu, lakini mchana nilipata samaki wa kupaka.

Toka hapo nikajiwekea sharti. Neno silitupi, Mungu apishe mbali. Lakini kwanza nitaje kitu nitakachofanya, na saa yake, na vipi. Hapo ndipo niseme inshallah. Na nikishaisema, lazima niinuke.

Jaribuni muone taabu yake. Mtu akisema, "Mzee, utakuja mazishini?" mimi huyo, "Feri ya saa nne, nitakuwa hapo saa tano kamili, inshallah." Na saa tano kamili niko, nahema. Siku moja nilifika kabla ya maiti.

Tableti je? Nilimwambia Kioko, "Kila siku baada ya chakula, robo saa, unifunze, inshallah." Akacheka. Siku ya tatu akaacha kucheka. Alinifunza kwa moyo safi, sitamsahau. Kidole hiki munachokiona kinaandika hapa, Kioko ndiye mwalimu wake.

Miezi saba ikapita, Kioko akahamishiwa yadi yetu nyingine upande wa Mikindani. Kofia nyeupe ikabaki wazi. Tangazo likarudi ukutani.

Mara hii nililisoma mara moja tu, nikaenda zangu. Lakini mguu ukaanza kucheza tena, wiki nzima.

Watu ni wale wale watatu. Madam akaniuliza swali lile lile la feri. Nikamjibu, "Natoka nyumbani baada ya alfajiri, navuka feri ya kwanza nitakayoikuta, na daftari la geti litakuonyesha ninaingia saa ngapi tangu ulipokuja hapa." Akaomba daftari. Akalipekua. Yule bwana wa hedi ofisi akaandika.

Halafu Madam akauliza, "Sasa mzee, kuna nini unachofanya wewe ambacho mwingine hafanyi?"

Kujisifu mimi sijui, sikulelewa hivyo. Nikasimama. Nikasema, "Madam, kuna kontena nje limepitishwa jana kuwa safi. Twendeni mukaingie."

Wakatazamana. Mkubwa wa yadi akasema twendeni.

Tukaingia sote wanne, milango ikafungwa. Giza. Joto. Nikasikia Madam anajipepea na faili.

"Sioni kitu," akasema. "Hii ni safi."

"Ngoja kidogo, Madam."

Nikaanza sura yangu kimyakimya. Mguu uliokuwa unacheza wiki nzima ukatulia. Mote duniani sina mahali ninapotulia kama mle. Nilipomaliza ya kumi na moja nikaliona. Juu, pembe ya kushoto, nyuma ya ubavu wa chuma.

"Lipo moja, Madam. Inua macho pembe ya kushoto."

"Wapi? Mimi sioni."

"Utaliona, inshallah."

Wallahi lilinitoka lenyewe. Mkubwa wa yadi akaguna gizani. Nikajisemea, Hamisi, kwisha habari yako.

"Mzee," Madam akasema, "unaanza tena na hiyo..."

Lile faili likaacha kupepea.

"Ngoja," akasema. "Ngoja, ngoja. Ni kama nyota hivi?"

"Hiyo hiyo."

Tulipotoka, shati lake limeloa, anacheka peke yake. Hakunambia kitu ila, "Mzee Hamisi, hiyo inshallah yako si ya Nairobi."

Barua nilipewa Alhamisi. Kofia nyeupe ninayo. Karatasi ya kwanza nilitia sahihi kwa herufi kubwa kubwa mpaka jina likawa refu kuliko mstari. Likaenda nalo kontena. Hata sijui limefika nchi gani.

Sasa munadhani nimepata raha? Hapana, wakuu. Zamani neno hili nilikuwa nalisema nakwenda kulala. Sasa Madam akiniuliza, "Mzee, ripoti saa kumi?", nikijibu "Saa kumi kasorobo, inshallah", nimejifunga. Natembea yadi nzima kama mtu anayefukuzwa. Mguu hautulii ila ndani ya giza.

Nililojifunza ni hili, hasa kwenu vijana munaotafuta kupanda cheo. Ukiingia intavyuu usidhani neno lako zito ni zito pia sikioni mwa mwenzako. Mwekee kazi mbele aione. Na kabla hujakasirika kuwa hawakukuelewa, rudi nyumbani uulize wanavyokuelewa wanaoishi nawe. Mimi nilipata fidbeki mbili, na ya HR ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Na nyinyi je? Kazini kwenu kuna neno gani lililowahi kukuponza? Andikeni hapo chini, nitasoma yote.

Mishi kasoma mpaka hapa. Anasema, "Vizuri. Na mlizamu wa maji ya paa unaovuja, utautengeneza lini?"

Nimefungua mdomo, nikaufunga.

Wakuu, hadi sasa sijamjibu. Naogopa kulisema.