Neno la Siri la Mzee Wilibrodi

Wilibrodi alilinda masjala ya ardhi pale Sumbawanga kwa miaka ishirini na sita, na halikutoka jalada bila mtu kutia sahihi daftarini. Enzi hizo jalada lilikuwa na heshima; mtu alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akapunguzwa kazini, akachukuliwa na kampuni binafsi ya kupima viwanja, na huko ndiko kompyuta zilikomkuta.

Kristiana, fundi aliyetoka Mbeya, alivuta waya chumba hadi chumba.

"Shikamoo baba. Mashine yako ndiyo itakayolisha zote. Majalada yamo humu, programu ya ramani imo humu. Wenzako watavitumia wakiwa vyumbani mwao."

"Bila kuja kusaini?"

"Bila hata kuinuka, baba."

Akamwambia achague neno la siri, la kufungulia mashine kila inapowashwa. Wilibrodi alisubiri binti ageuke ndipo akaliandika. Ufunguo wa masjala haukuwahi kuchongwa wa pili. Na huu usingechongwa.

Tangu hapo kiti kikamfunga. Umeme ulikatika kila siku, na kila uliporudi zilizuka kelele: "Mzee, fungua!" Ugali aliula mezani hapo hapo. Hata akienda msalani aliitwa kabla hajafika.

Alhamisi moja ya masika, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, mkewe Lucia aliingia akihema.

"Baba Silvana, watu wa Muze wameleta habari. Kaka yako Beda hali chakula tena. Anakutaja wewe tu. Lori linashuka huko bondeni saa sita, nimekushikia nafasi."

Wilibrodi akaenda kwa meneja, kijana aitwaye Kasmir.

"Nenda, mzee wangu, nani kakuzuia? Niachie tu hilo neno lako."

"Andaa hati ya makabidhiano. Nikabidhi, upokee, tusaini wote wawili."

Kasmir alicheka mpaka akashika meza. "Makabidhiano ya neno moja? Mzee, hapa si serikalini!"

"Na nakala kwa Mkuu wa Mkoa!" akadakia mtu chumba cha pili.

Wilibrodi alirudi mezani, akapiga mistari kwa rula, akaandika kwa mwandiko wake wa zamani: Mkabidhi. Mpokeaji. Shahidi. Akasaini mahali pake. Alipoinua kichwa, Kasmir alikwishatoka na mteja kwenda kuonyesha kiwanja.

Honi ya lori ikalia upande wa sokoni.

"Mwambie yeyote hilo neno, twende!" Lucia alisema, machozi yakimlengalenga.

"Nani kapokea? Nitamkabidhi nani?"

Lucia akajifunga kanga vizuri, akatoka peke yake. Honi ikalia tena, mbali kidogo.

Taa ikawaka.

"Mzee, fungua!"

Wilibrodi akaisogeza ile karatasi kando, akainamia vitufe, akakinga mkono kisionekane anachoandika.