Ukurasa wa Kumi na Mbili

Hasira niliyotoka nayo katika ukumbi wa baraza alasiri ile bado ninayo, na sijaona sababu ya kuiacha.

Nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza miaka michache kabla, na diploma ya upimaji wa ardhi. Naitaja diploma hiyo bila haya kwa sababu najua nilivyoipata. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna mheshimiwa aliyeniandikia barua, hakuna harambee iliyoitishwa kwa ajili yangu. Mchana niliosha masufuria katika jiko la hospitali, jioni nikasoma, na nilipohitimu mwalimu wangu aliwaonyesha wanafunzi wazawa wa kule ramani yangu akawaambia mistari inachorwa hivi. Wenzangu wengi walibaki kule wakizeeka kwenye baridi. Mimi nilirudi. Nikafungua ofisi ya chumba kimoja katikati ya jiji, juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi, nikapanga nyumba Kilimani, na kule kwetu Kabiria nikamjengea mama nyumba ya mawe yenye choo cha ndani, ya kwanza upande ule wa bonde. Majirani walikuja kuvuta mnyororo ili waone maji yakishuka.

Lakini mama hakuacha kuuza vitunguu. Nilimwambia apumzike, akaniuliza kama napenda kumwona amekaa akihesabu nzi. Kila asubuhi alishuka hadi uwanjani, pale njia ya Kawangware inapokutana na ya kwetu, akatandaza gunia lake mahali palepale alipolitandaza kabla sijazaliwa. Wanawake wa pale walikuwa na nafasi zao kama watu walivyo na viti vyao kanisani. Hapakuwa na paa wala choo, ila palikuwa na bomba moja la maji na mteremko mzuri, mvua ikinyesha maji hayatuami. Najua ninachosema, nimeupima uwanja ule mwenyewe.

Siku moja nilikuwa ofisi ya ramani kwa kazi ya mteja, nikaona uwanja wetu umechorewa mpaka mpya kwa penseli nyekundu. Karani aliyekuwa zamu, mtu tuliyezoeana, aliniambia kwamba kamati imekwisha kukubali. Kampuni fulani ilitaka kujenga maghala. Limebaki baraza zima kupitisha tu, katika mkutano wa mwezi.

"Limebaki kupitisha tu," akarudia, kana kwamba anazungumzia chai inayosubiri kumiminwa.

Niseme jinsi mambo yalivyokuwa yakiendeshwa, maana wengi waliokuwa wakilipa kodi ya jiji hawakujua, na kutojua kwao kuliwanenepesha wengine. Kamati zilikaa faraghani, zikaamua. Maamuzi yakapigwa chapa, kurasa nyingi. Katika mkutano wa mwezi hakuna aliyeyasoma. Meya alitaja nambari ya ukurasa tu, madiwani wakaitikia "Imepita!", akataja unaofuata. Diwani mwenye pingamizi alipaswa kusimama na kulisema wakati ukurasa wake unatajwa. Asiposema, umepita. Uwanja wa wanawake wa Kabiria ulikuwa ukurasa wa kumi na mbili.

Diwani wetu alikuwa mchinjaji wa zamani kule Dagoretti, mtu wa kifua kipana na sauti ya kuita ng'ombe. Sina ubaya naye, na nilisema hivyo hata siku zile. Nilimwita ofisini kwangu, nikamtandazia ramani niliyoichora mwenyewe kwa wino, nikamfundisha.

"Mheshimiwa, usihutubie. Sema tu, 'Bwana Meya, napinga ukurasa wa kumi na mbili, urudishwe kwenye kamati.' Diwani mwenzako wa Riruta atakuunga mkono, nimeshaongea naye. Hotuba itafuata."

"Kijana," akacheka, "nimesimama mbele ya fahali aliyekata kamba. Nitamwogopa meya aliyevaa cheni shingoni?"

Siku ya mkutano mama alikuja na wenzake wa uwanjani. Nilikuwa nimemwambia aje peke yake. Walikuja wote, wamevaa nguo za kanisa, vilemba vimepigwa pasi, na kila mmoja na kikapu chake kwa sababu mwanamke wa kwetu haendi jijini mikono mitupu. Askari wa mlangoni alivipekua vile vikapu.

"Akina mama, mmekuja harusi?"

"Tumekuja kwetu," mmoja akamjibu, mwuza ndizi, mwenye ulimi kuliko wote. "Hii nyumba si ni kodi yetu ilijenga? Hata hiyo kofia yako, kijana, nusu ni ndizi yangu."

Askari alicheka akatupandisha kwenye roshani ya wageni. Sheria ya roshani iliandikwa ukutani: mgeni asikilize, asiseme. Niliwasomea. Wakaitikia kwa vichwa.

Nimekaa katika mikutano ng'ambo, mikutano ya watu wanaokuja na kalamu. Sikuwa tayari kwa niliyoyaona. Rungu la fedha la baraza liliingizwa, tukasimama. Meya akaingia na joho jekundu, tukaendelea kusimama. Sala ikasomwa, ndefu, ya kuombea hekima. Kisha wakakaa, na kabla viti havijapata joto ugomvi ukaanza juu ya mahali pa kuegesha magari ya madiwani. Mmoja alikuta gari la mwenzake mahali pake. Mwenzake akasema mahali hapana jina. Wa kwanza akasema heshima haihitaji kuandikwa. Mkutano uliendeshwa kwa Kiingereza na matusi kwa Kiswahili, kwa hiyo mama zangu walielewa nusu nzuri.

"Hoja ya nidhamu, Bwana Meya! Mheshimiwa ameniita kondakta!"

"Sikukuita kondakta. Nimesema unapiga kelele kama kondakta."

"Ondoa hayo maneno!"

"Nayaondoa. Umenyamaza kama kondakta."

Walicheka, wakapiga meza. Wazee wazima. Jambo hilo la magari lilikula sehemu kubwa ya alasiri. Diwani mmoja alilala hadi miwani ikamdondoka mapajani. Katika jiji ambalo mifereji ya Kawangware ilikuwa wazi watoto wakitumbukia, wale watu waliunda kamati ndogo ya kuchunguza nani aegeshe wapi. Nilikunja ramani yangu nikaikunjua, nikaikunja tena. Mama aliniwekea mkono gotini kama alivyokuwa akifanya kanisani.

Chai ililetwa na mikate, wakala. Kisha meya akafungua kitabu cha kamati, na watu walewale waliokuwa wakijivuta wakawa wepesi ghafla. Ukurasa wa kwanza. Imepita. Wa pili. Imepita. Wa tatu, wa nne. Walitamani kurudi nyumbani. Nilimnong'oneza mama nambari kwa Kiswahili, naye akapitisha kwa jirani yake, hadi mwisho wa benchi. Wa tisa. Wa kumi.

Wa kumi na moja ulipopita, diwani wetu alisimama. Alisimama mapema kidogo, vizuri kabisa, akafunga kitufe cha koti. Mtu mrefu. Ukumbi mzima ulimwona.

Na mama zangu wakapiga vigelegele.

Lazima nieleze, kwa sababu asiyetoka kwetu atadhani ni ujinga. Kwetu msemaji akisimama kwa niaba yako, humwachi asimame mkavu. Wanawake humpigia vigelegele, vitano kamili, kama vile vya kumpokea mtoto wa kiume, ili kila aliyepo ajue kwamba huyu hakujituma, ametumwa. Na msemaji mwenye adabu husubiri vitano viishe. Akikatiza ni kama amewatemea mate waliomtuma. Diwani wetu alikuwa mtu wa kwetu. Kilipolia cha kwanza aliinua uso, akatabasamu, akainua mkono kuwapokea, akasubiri.

"Utulivu kwenye roshani!" meya akasema. Kisha, bila kuinua sauti, macho kwenye kitabu, nikaona midomo yake ikitaja nambari. Sikuisikia. Hakuna aliyeisikia katika ile sauti, lakini niliona midomo, na niliona vinywa vya madiwani wa mbele vikijibu. Imepita. Kigelegele cha tatu.

"Sema!" Nilikuwa nimesimama, nimeshika chuma cha roshani. "Mheshimiwa, sema sasa!"

Diwani wa Riruta alikuwa akitazama juu, kwa wale wanawake, akicheka kwa furaha. Cha nne. Mimi napiga kelele, diwani wetu ananipungia mkono, anadhani namshangilia. Askari akanikamata koti kwa nyuma. Cha tano kikaisha, kirefu, kizuri, kinatetemeka hadi kwenye dari, na katika ukimya uliofuata diwani wetu akakohoa na kusema kwa sauti yake yote:

"Bwana Meya, napinga ukurasa wa kumi na mbili!"

"Tuko wa kumi na nne, Mheshimiwa," meya akasema. "Kaa."

Nataka ieleweke kwamba meya alimwona diwani wetu. Alimwona amesimama. Alikuwa hatua chache mbele yake. Meya mwenye nia njema angengoja, kelele zikatulia, akauliza, "Mheshimiwa, unataka nini?" Alipewa mlango na wanawake waliokuja kwa heshima, na akautumia. Watu huniambia ilikuwa bahati mbaya. Waniambie hivyo uso kwa uso.

Askari alikuwa bado amenishika. Huko nyuma kwenye benchi wanawake walikuwa wakikumbatiana. Mwuza ndizi alikuwa akifuta machozi.

"Amesema, umesikia? Amesema kwa nguvu!"

"Wamekubali?" mama akaniuliza.

Nilimjibu kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwake. "Hawajakubali chochote. Mlikuwa mnapiga vigelegele, wakapitisha."

Alinitazama. Hakuelewa mara moja, kisha akaelewa, na akajiziba mdomo kwa mkono.

Nje, kwenye ngazi, diwani alinijia na jasho usoni. "Ningefanyaje? Niwakate mama zangu? Wewe ungewakata?"

"Ningewakata! Mimi ningewakata, niwaombe msamaha kesho wakiwa na uwanja wao!"

"Ndiyo sababu wao walinichagua mimi," akasema. Akaenda zake. Nilitaka kumfuata nimshike kola.

Sikukubali kushindwa, mimi si mtu wa kushindwa. Nilinunua nakala ya kanuni za mikutano, nikaisoma kama nilivyosoma vitabu vya mitihani, na nikapata mwanya. Mkutano unaofuata huanza kwa kuthibitisha kumbukumbu za ule uliopita, na diwani anaweza kusema kwamba haziko sahihi. Kumbukumbu zilisema ukurasa ule ulipita bila pingamizi. Pingamizi lilikuwepo, limesimama, limefunga koti. Nilimweleza diwani, tukapatana tena, maana bila yeye hasira yangu haikuwa na mahali pa kwenda.

Wanawake walikuja tena. Safari hii walikaa kimya kama kuta. Wengine walikuwa wamejifunga leso kinywani, kwa hiari yao, wasije wakasahau.

Diwani alisimama. Hakuna aliyempigia. Nilimwona akitazama juu kidogo, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

"Bwana Meya, kumbukumbu haziko sahihi. Ukurasa wa kumi na mbili haukupita bila pingamizi. Mimi nilikuwa nimesimama."

"Ulikuwa umesimama," meya akasema. "Hilo tunakumbuka. Ulisema nini?"

Diwani alishika kitufe cha koti.

"Ukurasa ulipotajwa, Mheshimiwa, ulisema nini?"

"Nilikuwa nawangoja akina mama wamalize."

Walicheka. Ukumbi mzima, pande zote mbili, hata yule aliyekuwa amelala mkutano uliopita. Mmoja akapiga kigelegele cha kejeli, sauti nene ya kiume, na wakazidi kupiga meza. Wengi wao walikuwa na mama waliouza kitu mahali fulani, na ada za shule zao zilitoka kwenye gunia lililotandazwa chini, na walikaa pale wakacheka. Nimesafiri. Nimetukanwa na Wazungu kwenye vituo vya basi. Sijawahi kusikia kitu kilichonichoma kama kile kicheko.

"Kumbukumbu ziko sahihi," meya akasema. "Zimethibitishwa?"

"Zimethibitishwa!"

Kwenye roshani hakuna aliyesogea. Mwuza ndizi alifungua leso yake, akaikunja mara nne, akaiweka kikapuni.

Mabati ya kuzungushia uwanja yalifika kabla ya mvua. Vijana wa kampuni walichimba mashimo ya nguzo, na nilisimama pale na ramani yangu nikawaonyesha kwamba hata mpaka wao waliupima vibaya, wameingia njia ya watu. Msimamizi wao alinisikiliza kwa upole akaniuliza kama natafuta kazi.

Wanawake walihamia nje ya ua, kwenye ukanda mwembamba kati ya mabati na barabara, ambako maji hutuama. Walijigawia nafasi upya, kwa ugomvi mwingi. Nilikwenda asubuhi ya Jumamosi moja kumwambia mama kwamba nimepata wakili, kwamba kuna mahakama, kwamba hatujamaliza. Nilikuwa nimevaa suti. Nilisema mengi, na kwa sauti, hata wapita njia wakaanza kusimama.

Mama alikuwa amepiga magoti akipanga vitunguu katika vifungu vidogo juu ya kipande cha katoni, maana gunia lilikuwa limelowa. Aliniacha niseme. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Baba, sogea kidogo. Umewazibia wateja."

Nikasogea. Sikuwa na pa kusogea ila barabarani.