Masalia ya Haraka ya Kale

Mwaka ambao Profesa Onuki alikuwa anastaafu, Sumie Kajitani, msaidizi wake, alikuwa amechoka hata akawa anasinzia wima kwenye treni ya asubuhi. Sisi wa maabara ya jirani, pale chuoni Nagoya, tulijua sababu. Mama yake alikuwa amepooza, na kabla ya kuja kazini Sumie alimlisha uji wa mchele, akamgeuza, akamwacha na jirani.

Kazi yake ilikuwa kusoma jeni za kloroplasti, zile chembe za kijani zilizomo ndani ya jani. Jeni huandikwa kwa maneno ya herufi tatu tatu, na mengi yana maana sawa na mengine: ukiondoa hili ukaweka lile, protini itakayotoka ni ileile. Lakini jeni moja ilichagua maneno. Protini yake huunguzwa na mwanga, kwa hiyo jani huitengeneza upya mchana kutwa, na jeni ilipendelea maneno yanayosomwa upesi. Onuki alijijengea jina kwa hilo. Uteuzi asilia, alisema, unaichunga jeni hiyo mpaka leo, kwenye mwani na kwenye tumbaku vilevile.

Alimwomba Sumie amwandalie hesabu na picha za hotuba yake ya kuaga. Sumie akalinganisha mwani, msonobari, mpunga na tumbaku. Kwenye mwani uteuzi ulikuwa dhahiri, tena katika jeni nyingi. Kwenye msonobari ulikuwa umeshafifia, na kwenye mimea ya maua, yaani mpunga na tumbaku, haukuonekana. Hata ile jeni ya haraka ilikuwa inapoteza maneno yake mepesi, leo moja, baada ya vizazi jingine, wala hakuna kilichoyazuia yasipotee. Yaliyobaki yalikuwa urithi wa mababu unaofifia. Alirudia hesabu akiomba awe amekosea.

Mkataba wake nao ulikuwa unaisha Machi, mwezi uleule wa Onuki kustaafu, na katika kuurefusha neno la Onuki lilikuwa na uzito. Hata hivyo alimwendea ofisini.

"Mwalimu, kwenye tumbaku hakuna uteuzi. Ni masalia tu."

Onuki aliendelea kumenya chenza lake. "Bi Kajitani, umelala lini mara ya mwisho?"

"Mimi sijalala, Mwalimu. Hesabu ndiyo imetulia."

"Basi nenda kapumzike. Picha nitachora mwenyewe."

Hawakusemezana mpaka siku ya hotuba. Onuki alisema yaleyale ya miaka yote, ukumbi ukampigia makofi, na Sumie alikaa nyuma kabisa akitazama viatu vyake.

Kwenye karamu ya kumuaga jioni hiyo, mzee aliacha meza ya wakubwa, akaja kuketi kando yake na kummiminia sake, pombe ya mchele.

"Nilijua," alisema. "Tangu jeni za msonobari ziliposomwa. Nilianza hesabu kama yako, nikaiacha katikati."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ningelazimika kuanza upya. Nilikuwa nimechoka, mwanangu."

Hakuwahi kumwita hivyo. Sumie alituambia baadaye kwamba aliitafuta hasira aliyoilea wiki nzima asiione. Mbele yake palikuwa na mtu aliyechoka kama yeye.

"Iandike," Onuki akaendelea. "Jina langu usiliweke. Sina kinyongo, ila kazi hiyo sikuifanya mimi."

Kumbe alikuwa ameshampendekeza kwa wakuu abakishwe kazini, lakini maabara ilifungwa na nafasi ikafa nayo. Sumie akapata kazi ya kufundisha biolojia sekondari huko Gifu, karibu na nyumbani kwao. Makala aliiandika Jumapili, mama akiwa usingizini. Ilipochapishwa, walioisoma ni wachache.

Mmoja wao alipiga simu. Onuki alisema sehemu ya mwani ni nzuri kuliko chochote alichowahi kuandika yeye, ila jedwali la pili lina kosa. Sumie akabisha. Wakavutana kwa simu, kila mmoja na karatasi yake mkononi, mpaka mama alipoita akitaka chai. Kosa lilikuwepo kweli, dogo, nalo halikubadilisha kitu.