Chupa Iliyoshibishwa

Mjomba wangu, mdogo wake mama, alikuwa na huruma ya kijinga, na huruma hiyo ndiyo iliyomuumbua. Alikuwa kibarua katika maabara ya Profesa, akilea vijidudu vilivyochotwa kwenye tope la bwawa, vile vinavyotoa gesi ya methani na kufa vikiguswa na oksijeni. Aliingiza mikono kwenye glavu zilizoshikizwa kwenye sanduku la kioo, akavihamisha chupa hadi chupa, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nyumbani tulimtania kwamba anafuga mifugo isiyo na mkia. "Cheka tu, mpwa wangu," alikuwa akiniambia, "hawa hawanijibu kama wewe."

Vijidudu hivyo vina kimeng'enya cha ajabu. Nitrojeni imejaa hewani, lakini mimea na wanyama hawawezi kuila ilivyo. Kimeng'enya hicho huivunja na kuigeuza amonia, ambayo ni chakula. Kazi hiyo inamaliza nguvu, basi vijidudu havijisumbui mpaka vikose amonia kabisa. Ukivipa amonia vinakula cha bure, na kimeng'enya kinazimika. Kwa hiyo lazima vishindishwe njaa.

Profesa alimwahidi kwamba chupa yake ikifanya kazi mbele ya wageni watakaokuja kuikagua maabara, atapata ajira ya kudumu. "Mlete na mkeo ashuhudie," akamwambia.

Chupa ikaanza kufifia. Mjomba alikulia nyumba ya mlo mmoja, hakustahimili. Akachoma sindano kwenye kizibo, akatia amonia kidogo.

"Wapate nguvu kwanza, ndipo wafanye kazi," alimwambia mkewe, kama anayezungumzia watoto.

Kanuni aliijua. Alidhani amonia itaisha kabla ya siku ya wageni, ila kila mara chupa ilipofifia aliongeza tena. Profesa alipita, akaitazama ilivyochangamka, akamsifu. Kumbe alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Siku ilipofika, Mjomba alivaa suti ya baba yangu. Mkewe, aliyenisimulia haya, aliketishwa kiti cha mbele. Profesa akaunganisha chupa kwenye mashine ya kupimia kazi ya kimeng'enya. Mstari kwenye skrini ukalala chini, ukabaki umelala. Mjomba akagusa waya, akazima, akawasha.

"Iache mashine, ni nzima," Profesa akasema kwa upole, kisha akawageukia wageni. "Chupa hii imeshibishwa. Nimeona amonia ikipungua kabatini, nikanyamaza. Nilihitaji chupa ya kulinganisha."

Akatoa nyingine chini ya meza, iliyofifia, yenye njaa. Mstari ukapanda, na wageni wakapiga makofi. Mmoja akauliza kama huyu fundi ataajiriwa sasa.

"Aajiriwe ashibe, halafu alale?" Profesa akasema. "Njaa ndiyo iliyomfanya hodari."

Wakacheka. Mjomba naye akacheka, tena kwa sauti. Mkewe akainuka akatoka.

Asije mtu kuniambia kwamba sayansi ndivyo inavyofanywa. Profesa angeweza kushibisha chupa yake mwenyewe, kimyakimya, bila kumwalika mke wa mtu. Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu alimjua vizuri, na ndiyo maana namchukia.

Jumatatu Mjomba alirudi kazini, kibarua vilevile. Jioni nilikula kwao. Binti yake mdogo akasogeza sahani, akaomba aongezewe. Chakula kilikuwa bado tele, na mama yake alikwisha kunyanyua upawa. Mjomba akaweka kiganja juu ya mfuniko wa sufuria.

"Mwache," akasema. "Akishiba hatasoma."

Mkewe akaurudisha upawa. Mtoto akaivuta sahani yake. Nilimchukia Mjomba palepale, ndugu wa mama yangu, na sahani yangu ilikuwa imejaa.